Luteni na platuni yake: jinsi ya kumkuza askari unayemwongoza

Afisa kijana anapotoka Chuo cha Kijeshi cha Kenya pale Lanet, Nakuru, huwa amefundishwa kuongoza platuni, yaani kundi la askari thelathini hivi. Akifika kikosini anakuta platuni tayari ina sajini aliyeanza kuvaa buti luteni akiwa bado shule ya msingi. Askari wenyewe walipitia Shule ya Mafunzo ya Makuruta kule Eldoret, na baadhi yao wamekwenda operesheni ambazo luteni amezisoma tu. Baada ya mwaka mmoja au miwili yeye atahamishwa, wao watabaki. Ndiyo maana kipimo cha kweli cha afisa huyu si gwaride zuri. Ni hiki: siku akiondoka, je, yupo koplo anayeweza kufanya kazi ya sajini, na yupo praiveti, askari wa cheo cha chini kabisa, anayeweza kuongoza seksheni, yaani kikundi cha platuni kilicho chini ya koplo? Yote yanayofuata hapa yanalenga hapo, yaani kumpa mtu kazi ya cheo kinachofuata kabla hajakivaa, na kusimama nyuma yake anapoijifunza.

Anza na sajini

Wiki ya kwanza usibadilishe chochote. Kaa na sajini wa platuni saa nzima, mlango umefungwa, mkubaliane nani anashughulikia nini, nani anasahihisha nani, na mtakutana saa ngapi kila siku. Mgawanyo ambao hufanya kazi ni huu: luteni abebe mipango, mafunzo na amri, sajini abebe nidhamu ya kila siku, vifaa, zamu za lindo na chakula. Kuwakuza makoplo ni kazi yenu wawili. Dakika kumi na tano kabla ya gwaride la asubuhi zinatosha kupanga siku, mradi zisikosekane. Mkitofautiana, tofauti hiyo iishe kabla hamjasimama mbele ya watu.

Kosa linaloharibu platuni nyingi ni luteni kumruka sajini bila kujua. Praiveti anakuja moja kwa moja kuomba ruhusa ya kwenda nyumbani, luteni anaona huruma, anatoa. Kuanzia siku hiyo koplo na sajini wamegeuka mapambo. Jibu linalofaa ni fupi: "Umemwambia koplo wako? Amesemaje?" Kisha ombi lipande kwa ngazi zake. Lakini kuna jambo moja ambalo ngazi hizo hazifuatwi: askari anapomlalamikia koplo au sajini mwenyewe kwa dhuluma, kipigo au unyanyasaji wa kingono. Huyo usimrudishe kwa mtu anayemlalamikia. Msikilize, andika, na upeleke kwa kamanda wa kombania, kikosi chenye platuni kadhaa, siku hiyo hiyo.

Mjue kila mtu, na uandike

Platuni ina watu thelathini hivi. Ukizungumza na wawili kila siku ya kazi, nusu saa kila mmoja, utakuwa umewamaliza ndani ya wiki tatu. Mazungumzo yafanyike nje, kwenye kivuli, mahali ambapo wengine wanawaona lakini hawawasikii. Jambo hili linamlinda askari na linakulinda wewe, hasa unapozungumza na askari wa jinsia nyingine. Zungumza Kiswahili na kila mtu. Ibara ya 241 ya Katiba inataka uongozi wa majeshi uakisi utofauti wa kimaeneo na kikabila wa watu wa Kenya, na platuni yako nayo ina watu wa kila pembe. Ukikutana na mtu wa kwenu ukabadili lugha, hata kwa salamu tu, wenzake ishirini na tisa watakuwa wameshapiga hesabu.

Maswali yawe machache. Ulifanya kazi gani kabla ya jeshi? Umefanya kozi zipi, na ipi uliiomba ukakosa? Nani anakutegemea nyumbani? Ulikwenda likizo lini mara ya mwisho? Baada ya miaka mitatu ungependa uwe unafanya nini? Na la mwisho: platuni hii inakosea wapi? Hapo usijitetee wala usibishe, andika tu. Majibu matano yakilingana, umepata kazi yako ya kwanza.

Kila mtu awe na ukurasa wake kwenye daftari: tarehe ya kujiunga, kozi, matokeo ya shabaha, mbio, likizo ya mwisho, lengo lake, na nafasi ya kutosha kwa maelezo ya baadaye. Daftari likae kwenye kabati lenye kufuli, kamwe lisiwe kwenye simu. Mambo ya ugonjwa na ya ndoa usiyaandike humo; yanayohitaji daktari au kasisi yapeleke kwa daktari au kasisi, au kwa imamu kwa askari Mwislamu.

Mpe koplo muda na sababu

Hapa ndipo askari hukua au hudumaa. Luteni wengi hula muda wote wa kupanga, kisha makoplo wanapewa amri giza likiingia na kuambiwa waondoke baada ya nusu saa. Koplo hana nafasi ya kufikiri, anabaki kupitisha maneno.

Tumia kanuni ya theluthi. Ukipokea amri saa kumi na mbili asubuhi, na platuni inatakiwa kuondoka saa kumi na mbili jioni, una saa kumi na mbili. Theluthi yako ni saa nne tu. Ifikapo saa nne asubuhi uwe umeshatoa amri, na saa nane zilizobaki ni za makoplo na watu wao: kukagua silaha, kupanga mzigo, kufanya mazoezi, kula na kulala. Kabla hata ya amri kamili, toa ilani fupi ndani ya dakika kumi na tano za mwanzo: tunaondoka saa fulani, kwa muda wa siku fulani, beba hiki na kile. Hapo maandalizi yanaanza ukiwa bado unasoma ramani.

Amri yenyewe ifuate mtiririko ambao kila askari anaufahamu: hali ilivyo, kazi, utekelezaji, ugavi, kisha uongozaji na mawasiliano. Usikubali kutaja kazi bila sababu yake. "Seksheni ya pili itashika daraja" haitoshi. "Seksheni ya pili itashika daraja ili kombania ivuke kabla ya alfajiri" inamsaidia koplo anayefika akakuta daraja limesombwa na mto: anajua shida si daraja, ni kuvuka, naye atatafuta kivuko kingine bila kungoja redio.

Ukimaliza usiulize "Mmeelewa?" Kila mtu atasema ndiyo, afande. Mwambie koplo mmoja akueleze kazi ya seksheni yake kwa maneno yake mwenyewe, na mwingine aeleze kazi ya seksheni jirani. Wanapokwama, amri yako ndiyo yenye kasoro, irekebishe palepale. Chora mfano wa ardhi chini, mita mbili kwa mbili, kwa udongo, mawe na kamba, uelekeze kaskazini yake kwenye kaskazini halisi kwa dira, na makoplo watembee juu yake wakieleza watakapokuwa kila hatua.

Sasa hatua yenyewe ya kumkuza mtu. Mara moja kwa wiki, koplo aongoze platuni nzima kwenye zoezi na praiveti mkongwe aongoze seksheni. Usianze na shambulizi la usiku. Anza na kazi ya saa mbili, kwa mfano matembezi ya ramani. Kutoka Lanet, ukingo wa volkeno ya Menengai unaonekana upande wa kaskazini-magharibi, na kilele chake kina mita 2,278, kwa hiyo unafaa kuwa alama ya kupimia. Mpe praiveti ramani ya 1:50,000, ambayo sentimita mbili zake ni kilomita moja ardhini. Apime pembe ya dira kwenda kileleni, apime na ya alama nyingine anayoitambua, ageuze kila pembe kwa nyuzi 180, achore mistari miwili. Inapokatana ndipo aliposimama. Mistari iliyokaribiana huleta kosa kubwa, kwa hiyo achague alama zilizoachana kwa nyuzi zisizopungua 30, na 90 ni bora zaidi. Kisha yeye aamue njia, na wewe utembee mwisho wa mstari ukiwa umefunga mdomo.

Kufunga mdomo ndiyo sehemu ngumu. Luteni anayeona praiveti akipotea mita mia mbili hujikuta ametoa sauti, na mafunzo yanaishia hapo. Vunja kimya kwa sababu mbili tu: usalama wa mtu, au kosa litakaloharibu zoezi zima la kombania. Na jioni kamanda wa kombania akiuliza kwa nini platuni ilichelewa, jibu ni lako: "Nilichelewa, afande." Askari husikia majibu ya namna hiyo, na kesho yake atathubutu kuamua tena. Ukimtaja yeye, hataamua kitu tena mbele yako.

Namna ya kufundisha ujuzi mmoja

Mpango wa kale wa hatua nne haujapitwa: eleza, onyesha, waige, wafanye mazoezi. Kinachokosewa ni mgawanyo wa dakika. Katika kipindi cha dakika arobaini, kueleza kusizidi tano, kuonyesha tano, kuiga kumi, na ishirini nzima ziende kwenye mazoezi. Kundi lisizidi watu kumi kwa mwalimu mmoja, na mwalimu awe koplo au praiveti uliyemwambia siku tatu kabla, si wewe. Atakayefundisha ndiye atakayejifunza zaidi.

Chukua ukanda wa kubana damu. Askari wengi wanajua kuufunga wakiwa wamekaa darasani. Mwalimu aonyeshe polepole: ukanda unawekwa sentimita tano hadi saba juu ya jeraha, upande wa moyo, na hauwekwi juu ya goti wala kiwiko. Unavutwa ukaze kabisa kwa mkono kwanza, na baada ya hapo ndipo kijiti kilichofungwa kwenye ukanda kinazungushwa mpaka damu ikome. Kosa la kawaida ni kuanza kuzungusha kijiti ukanda ukiwa bado umelegea. Kijiti kinafika mwisho, damu bado inatoka. Kijiti kinafungwa, saa inaandikwa, na ukanda haulegezwi tena mpaka mtaalamu wa tiba aamue. Zoezi liende hivi: kwanza kwenye mguu wa mwenzake, kisha kwenye mkono wake mwenyewe kwa mkono mmoja, kisha kwa mkono asiouzoea, kisha gizani. Lengo liwe chini ya dakika moja. Tenga kanda za mafunzo na uzitie alama, maana ukanda uliovutwa mara nyingi hupasuka, nao usije ukarudi kwenye mfuko wa operesheni.

Shabaha nayo hujengwa kabla ya kufika uwanjani. Baada ya silaha kukaguliwa na watu wawili kuwa haina risasi, na risasi zote zikiwa chumba kingine, askari alale kifudifudi, alenge, na mwenzake aweke sarafu ya shilingi moja juu ya mtutu karibu na ncha. Avute kifyatulio. Sarafu ikianguka, ameshtua bunduki. Arudie mpaka ikae mara kumi mfululizo. Dakika kumi na tano kila asubuhi kwa wiki mbili hazigharimu risasi hata moja. Uwanjani, msome kwa matundu yake: risasi tano zilizokusanyika pamoja lakini kando ya lengo zinadai vilengeo virekebishwe, zilizotawanyika zinadai mtu afundishwe upya. Zikijipanga wima, juu na chini, chunguza pumzi yake kwanza. Koplo anayegusa vilengeo vya bunduki ya mtu ambaye matundu yake yametawanyika anapoteza risasi bure.

Baada ya zoezi

Kaeni ndani ya saa moja, kabla watu hawajaoga na kusahau. Maswali ni manne: tulikusudia nini, kilitokea nini, kwa nini, na wiki ijayo tutafanya nini tofauti. Mwenye cheo cha chini aseme kwanza, luteni mwisho. Ukianza wewe, wengine watakuunga mkono na kikao kimekwisha. Dakika thelathini zinatosha. Toka na mambo matatu yasiyozidi ya kurekebisha, kila moja na jina la mtu na tarehe. Orodha ya mambo kumi na tano hairekebishi kitu.

Zamu yako ikifika, anza na kosa lako mwenyewe kwenye zoezi hilo ikiwa lipo, ulitaje kama lilivyo, bila kulipamba. Praiveti atajua kikao hiki si mtego.

Mwili, joto na usingizi

Mbio zisiwe adhabu. Ukizitumia hivyo, askari atazichukia maisha yake yote. Gawa platuni kwa uwezo, makundi matatu, kila moja likimbie kwa kasi inayolibana, na koplo mwenye miguu mizuri abebe kundi la mwisho, siyo la kwanza.

Nakuru iko kwenye mita kama 1,850, asubuhi zake ni baridi. Askari aliyezoea hapo akipelekwa Garissa au Lamu anahitaji siku saba hadi kumi na nne mwili uzoee joto. Siku za kwanza kazi nzito iwe fupi, alfajiri au jioni. Maji yawe nusu lita hadi lita moja kwa saa ya kazi nzito, kwa mafunda, yasizidi lita moja na nusu, na chakula chenye chumvi kisikosekane, kwa kuwa maji matupu yakizidi nayo huua. Askari anayepepesuka, anayejibu visivyo, au anayegombana bila sababu kwenye jua, mvue mzigo, mmwagie maji, mpepee hapo hapo huku gari likiitwa. Kupoza kwanza, kusafirisha baadaye.

Kusahihisha bila kumvunja mtu

Ibara ya 25 ya Katiba inasema uhuru wa mtu kutoteswa na kutotendewa kwa ukatili au kudhalilishwa hauwezi kupunguzwa, na sare haibadilishi hilo. Mashtaka ya kijeshi yana utaratibu wake katika Sheria ya Majeshi ya Ulinzi ya Kenya ya mwaka 2012. Luteni asijitungie wake, wala asimwachie koplo atunge wake nyuma ya bweni.

Kwa makosa madogo, marekebisho yafanane na kosa. Bunduki chafu inarekebishwa kwa kipindi cha usafi wa silaha saa kumi na moja jioni, na mhusika ndiye atakayefundisha wenzake kesho yake. Aliyechelewa gwaride aripoti dakika ishirini mapema kwa siku tano. Kuruka chura hakumfundishi mtu kusafisha bunduki. Na koplo asisahihishwe mbele ya seksheni yake, hata kama amekosea waziwazi. Mwite kando, hatua ishirini, sauti ya chini, kisha arudi akarekebishe mwenyewe.

Pesa na malalamiko

Ibara ya 24 ya Katiba inaruhusu sheria kupunguza baadhi ya haki za wanajeshi, zikiwemo za kujumuika, kukusanyika na mahusiano ya kazi. Askari hana chama cha wafanyakazi. Hana mgomo. Ana wewe. Ndiyo sababu lalamiko lisilojibiwa ni jambo zito kambini kuliko kazini kwingine.

Lanet yenyewe inalijua hilo. Januari 24, 1964, siku chache baada ya maasi ya Tanganyika na siku moja tu baada ya yale ya Uganda, askari wa Batalioni ya 11 ya Kenya Rifles waliasi hapo. Kinyongo kilikuwa mishahara na kuendelea kuongozwa na maafisa wa Kiingereza, na walikuwa wakitarajia habari njema kwenye hotuba ya Jomo Kenyatta ambayo haikuwa nazo. Batalioni hiyo ilivunjwa. Uvumi ulijaza nafasi ambayo maelezo ya wakubwa yalipaswa kujaza. Kwa hiyo kila Ijumaa, dakika ishirini, platuni ikae chini na uwaeleze: likizo zimefikia wapi, posho imekwama wapi, kozi zipi zimetangazwa. Kama hujui, sema utauliza, na Ijumaa inayofuata uje na jibu hata kama jibu ni hapana.

Deni nalo huua ari ya askari mzuri kimyakimya. Mkopo wa simu unaotoza asilimia 8 kwa mwezi, ukichukuliwa upya kila mwezi, ni asilimia 96 kwa mwaka. Mkae na askari anayekuja na shida hii, aandike kwa mkono wake mapato, makato, na kila deni na riba yake, kisha alipe kwanza lenye riba kubwa zaidi. Kamari ya simu iulizwe waziwazi, bila hasira. Usimkopeshe pesa yako. Siku hiyo utakuwa mdai wake badala ya kamanda wake.

Kozi na ripoti

Kuna tabia moja inayoua vipaji: nafasi ya kozi inapokuja, luteni humpeleka yule ambaye hatamkosa. Koplo hodari anabaki kwa sababu platuni inamhitaji, mwaka unapita, mwingine unapita, na mzembe ana vyeti vitatu. Mpeleke unayemhitaji. Pengo lake atalijaza praiveti uliyekuwa ukimwandaa, na hiyo ndiyo nafasi yake. Angalia pia kama askari wa kike wamegeuzwa makarani wa platuni. Wapewe seksheni za kuongoza na zamu za doria sawasawa na wengine, la sivyo hawatakuwa na cha kuandikwa.

Wenye ujuzi wa mkono, kama ufundi wa magari, umeme au mabomba, wasaidie wafanye mitihani ya ufundi ya serikali, Daraja la Tatu kwenda la Kwanza. Askari hustaafu akiwa bado na nguvu, na cheti hicho kitamlisha.

Ripoti ya mwaka haiandikwi Desemba. Kila Ijumaa jioni, andika mstari mmoja kwa kila mtu aliyefanya jambo wiki hiyo, zuri au baya, na tarehe. "Ni askari mzuri, mwenye bidii" haimsaidii mbele ya bodi ya kupandisha vyeo. "Aliongoza doria ya usiku ya watu wanane, akarekebisha njia mwenyewe baada ya mto kujaa, akafika kwa wakati na silaha zote" inamsaidia. Katikati ya mwaka mwite umsomee ulichoandika mpaka sasa, ili akute nafasi ya kujirekebisha na asishtuliwe mwishoni. Na kila anayerudi kutoka kozi apangiwe ndani ya wiki mbili kipindi cha dakika arobaini cha kuifundisha platuni jambo moja alilolipata huko, na jina la kipindi hicho liingie kwenye ukurasa wake.